Nimeionja Mbele Yako

Kuna dhambi isiyo na mkono wala mguu. Ina ulimi tu. Mtu hajaua, hajaiba, hajagusa cha mwenziwe, lakini akilala hapati usingizi, na akisali maneno yanaishia darini. Dhambi ya namna hiyo ndiyo iliyomkaba Paskazia kooni tangu Jumapili, na leo ilikuwa Jumanne.

Alikuwa amechuchumaa nyuma ya wodi pale hospitali ya Kolandoto, mahali ndugu wa wagonjwa wanapofulia, akisugua blauzi ya njano. Haikuwa yake. Ilikuwa ya Limi, binti wa mwaka wa kwanza chuoni kwao, aliyekuwa amelala ndani na dripu mkononi. Doa la ukwaju lilikuwa limetua kifuani, karibu na vifungo, na halikutaka kutoka. Sabuni ilishabaki kijipande kama ukucha, naye alisugua tu.

"Ng'wanawane, mwanangu, iache hiyo blauzi. Utaitoboa."

Mama Limi alisimama nyuma yake, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, chupa ya chai kwapani. Alikuwa mama wa vijijini Tinde, mkulima wa mpunga na mfugaji wa mbuzi wachache, mwenye sauti ya polepole kama mtu anayepepeta.

"Inakaribia kutakata, mama."

"Blauzi ni nguo. Nguo inanunuliwa. Mtoto ndiye asiyenunuliwa, na huyo umenirudishia wewe." Alimwekea mkono begani. "Wabeja, mayu, asante mama. Wabeja sana. Nikirudi nyumbani nitasimama kanisani niwaambie watu wote: kuna binti wa Kagongwa, anaitwa Paskazia, Mungu alimtuma kwa mwanangu."

Paskazia aliinamisha uso kwenye beseni. Tangu Jumapili mama huyu alikuwa akimshukuru asubuhi, mchana na jioni, na kila shukrani ilimwangukia kama jiwe.

"Usinishukuru, mama."

"Nisikushukuru kwa nini? Mjini mmefundishwa kiburi?" Mama Limi alicheka kidogo, akajivuta kwenda jikoni kwa wauguzaji, ambako alikuwa amebandika uji.

Angejua! Angejua tu, chupa ile ya chai angempiga nayo.

Chuo chao kilikuwa kimeanzisha semina kwa wanafunzi wapya, juu ya pombe na juu ya mtu kumwingilia mwenziwe bila ridhaa. Madamu Ritha, mlezi wa wanafunzi, aliwachagua wachache wa mwaka wa pili wawe waelimishaji wa wenzao, na Paskazia akawa mmoja wao. Madamu aliwafunza vizuri. Usipokee kinywaji usichokiona kikifunguliwa. Mkienda wawili mrudi wawili. Aliyelewa hana ridhaa ya kutoa, hata akicheka, hata akiitikia kwa kichwa. Maneno manyoofu, ya kumfaa mtoto wa mtu.

Lakini ukumbini siku ile kulikuwa na joto, na wageni walikuwa wanasinzia. Madamu Ritha akatoka nje kupokea simu. Paskazia akaona ngoja awachangamshe.

"Jamani, amkeni! Kwetu Usukumani mgeni hapewi kinywaji kabla mwenyeji hajaonja, si ndiyo?"

"Ndiyooo!"

"Basi dada zangu, kijana akikuletea kikombe, mwambie: onja kwanza! Akionja, kunywa. Akikataa, mmwagie hukohuko kwenye shati lake la kuazima!"

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko na makofi. Hakuna lililokumbukwa katika semina ile ila hilo. Kwa juma zima wasichana walikuwa wakipishana koridoni: "Onja kwanza!" Naye Paskazia alitembea shingo juu, kama mwalimu aliyefaulisha.

Siri ya maneno yale ilikuwa moyoni mwake. Hakuyatoa kwa bibi wala kwa babu. Aliyatoa kwa Mihayo.

Mihayo alikuwa mchumba wake, kijana wa Katoro kule Geita, mwenye kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Siku walipokutana mara ya kwanza basi lilikuwa limeharibika pale Tinde, jua linachoma, na yeye Paskazia hana hata shilingi ya maji. Kijana mmoja mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi alinunua soda, akaifungua, akapiga fundo moja dogo, akafuta mdomo wa chupa kwa kiganja, akampa. "Nimeionja mbele yako," alisema bila kumtazama usoni. "Kwetu anayempa mgeni asionje ni adui." Paskazia alicheka mpaka abiria wakageuka, na kabla soda haijaisha moyo wake ulikuwa umeshahama. Baba yake alikataa. "Mchimbaji hana kesho," alisema, "leo ana ng'ombe, kesho ana deni." Binti alipiga magoti, akasali, akafunga, akangoja, hata mzee akalainika. Mshenga alikuwa aje Kagongwa Jumamosi hii.

Na jambo lile tamu, lake na la mchumba wake, ndilo alilolichukua akaligeuza somo.

Jumamosi iliyopita kukawa na sherehe ya kuwakaribisha wageni. Boaz wa mwaka wa pili, mcheshi, mwenye sauti ya kwaya, akamletea Limi juisi ya ukwaju kwenye kikombe. Limi akakumbuka fundisho. "Onja kwanza, kaka." Boaz akacheka, akapiga fundo zima. "Haya, nimeionja mbele yako." Mle ndani mlikuwa na pombe kali, ile isiyo na rangi, na uchachu wa ukwaju uliifunika gubigubi. Boaz ameizoea, fundo kwake ni kama mate. Limi hajaonja pombe tangu azaliwe. Akanywa, akaletewa kingine, nacho kikaonjwa. Na kwa nini asinywe? Kwao chombo kilichoonjwa hakiulizwi mara mbili. Kuonja kunakulinda na sumu ya adui. Hakukulindi na mtu anayeweza kunywa asianguke huku anangoja wewe uanguke.

Mwenziwe Limi wa hosteli alipoona Boaz anamwongoza kama kipofu kuelekea nyumba za kupanga nje ya chuo, alikimbia kwa Paskazia. Wakafika chumbani kwa Boaz. Komeo halikuwa limeingia sawasawa. Paskazia alisukuma mlango kwa bega.

Alichokiona alikuwa bado hajakisema kwa mtu yeyote. Leo saa tisa alitakiwa kukisema mbele ya dawati la jinsia la chuo.

Na Boaz ni mdogo wake Mihayo. Tumbo moja.

*

"Paska."

Aliijua sauti hiyo kabla hajageuka. Mkono wake ulisimama ndani ya maji.

Mihayo alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta, kofia mkononi. Alikuwa ametoka Katoro gizani. Vumbi lilikuwa kwenye viatu, kwenye mabega, kwenye zile nyusi. Siku nyingine Paskazia angeinuka, angemfuta kwa ncha ya kanga, angemtania: "Umejipaka unga, unakwenda kukaangwa?" Leo alimtazama mara moja akayashusha macho, maana macho yake hayakuwa na adabu, yalikuwa yanamfurahia.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja. Habari za toka juzi?"

"Nzuri." Kisha akaona uongo wake mwenyewe. "Si nzuri."

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anakula. Kifua kinapoa; matapishi yalikuwa yamemwingia. Lakini mlango ukifungwa, hata wa chooni, anapiga kelele."

Mihayo alitazama mlango wa wodi. "Naweza kumpa pole?"

"Utamwambia wewe ni nani?"

Mihayo akachuchumaa ng'ambo ya beseni, magoti yao yakakaribiana, akachukua upande mmoja wa blauzi kumsaidia kukamua. Wakaikamua wote wawili, mmoja kulia, mwingine kushoto, maji yakichuruzika katikati. Mikono yao ilifahamiana. Ndiyo iliyokuwa shida.

"Nimetumwa," Mihayo alisema hatimaye.

"Najua."

"Mama analia tangu Jumapili. Anasema Boaz bado mtoto. Pombe ndiyo iliyofanya."

"Pombe haina miguu, Mihayo. Haikumshika mtu mkono ikampeleka chumbani."

"Anasema alikuwa anampeleka akapumzike."

"Hosteli ya wasichana iko karibu kuliko chumba chake."

"Paska, mimi ninakwambia niliyoambiwa. Lakini hakuna kilichotokea. Si hakuna kilichotokea?"

Paskazia aliitandaza blauzi juu ya magoti yake. Kidole chake kikashuka taratibu kutoka kolani, kifungo kimoja hadi kingine.

"Hivi vilikuwa vimefunguliwa vyote," alisema. "Hiki cha mwisho kilikuwa kimeng'oka, nimekishona jana. Limi alikuwa amelala chali, macho yamegeuka meupe, anakoroma kwenye matapishi yake, na mdogo wako alikuwa anavua mkanda. Ningechelewa kwa kitambo cha kusali Baba Yetu, leo tungekuwa tunazungumza mengine. Au tungekuwa tunazika."

Mihayo alifumba macho. Alikaa hivyo mpaka Paskazia akadhani anasali.

"Hakuniambia habari ya vifungo," alisema kwa sauti ya chini.

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza kama amekula."

Jibu lile lilimchoma Paskazia kuliko kama angejitetea. Alimjua Mihayo. Baba yao alifukiwa na duara, shimo la dhahabu, Boaz akiwa hajui hata kuvaa kaptula. Mihayo alikuwa amemaliza darasa la saba tu. Aliweka kalamu chini akaenda kwenye karasha, akala vumbi, ili mdogo wake ashike kalamu hiyo. Kwake Boaz hakuwa ndugu tu. Alikuwa shamba alilolilima kwa mikono.

"Mama anataka yaishe kifamilia," Mihayo aliendelea, akitazama chini. "Wazee waende Tinde, watoe ng'ombe kwa hao wazazi, waombe radhi. Jumamosi mshenga aje kwenu kama ilivyopangwa. Na wewe huko chuoni useme ulimkuta msichana amelala, basi. Hukuona zaidi."

"Ng'ombe wa kumnyamazisha Limi na ng'ombe wa kunioa mimi," Paskazia aliuliza polepole, "watatoka zizi moja?"

"Usiseme hivyo."

"Watatoka zizi moja au mazizi mawili? Nataka nijue nitakapokuwa nakamua nimkumbuke nani."

"Paska!"

Muuguzaji mmoja aliyekuwa akianika shuka aligeuka. Wakanyamaza mpaka mama yule akaondoka na beseni lake.

"Kuna jambo lingine," Mihayo alisema. Sasa alikuwa anasitasita kama mtu anayepita juu ya ubao mbovu. "Boaz anasema akiulizwa hatakana kwamba alimpa kinywaji. Atasema alionja mbele yake. Kama ulivyofundisha. Anasema darasa zima lilisikia: akionja, kunywa. Mama anasema... mama anasema Paskazia akifungua kinywa, aibu yake nayo itatoka. Heri nyote mnyamaze."

Paskazia aliikunja blauzi magotini, mara moja, mara mbili.

Si kwamba hakuwa akilijua. Alikuwa nalo siku zote tatu. Lakini kusikia mtu mwingine amelishika, amelipima, amelifanya rungu, kulimvua nguo. Na mbele za Mungu aonaye sirini, lililomtisha si rungu lile. Lililomtisha ni kwamba moyo wake ulisema: kubali. Si kwa ajili ya Boaz. Si kwa ajili ya mama yake Mihayo na machozi yake. Hata si kwa ajili ya harusi. Kubali, ili na lako lifichike. Limi angepona, angerudi darasani, na hakuna hata mmoja ambaye angepata kusema: Paskazia ndiye aliyemwambia anywe.

"Unajua maneno yale niliyatoa wapi?" aliuliza.

"Yapi?"

"Ya kuonja."

Mihayo alimtazama. Ilimchukua muda, kisha Paskazia akaona limemfikia. Lilimfikia machoni kwanza, halafu mabega yakashuka.

"Tinde," alisema.

"Tinde. Soda yako. Nilikuwa nakuwaza wewe, Mihayo. Nilisimama mbele ya watoto wa watu, nimepewa maneno ya kuwaokoa, nikayaacha, nikawapa mapenzi yangu wacheke. Nilitaka wanipigie makofi. Wakanipigia."

"Hukukusudia mabaya."

"Na hao wanaosema pombe ndiyo iliyofanya, nao hawakukusudia?"

"Si sawa, Paska. Wewe si Boaz."

"Si Boaz. Lakini yeye kaufungua mlango kwa ufunguo wangu."

Mihayo alinyoosha mkono juu ya beseni, akautua juu ya mkono wa Paskazia uliokuwa umelowa. Kiganja chake kilikuwa kigumu kama kisigino, na Paskazia alitamani kukaa chini yake maisha yote. Hakuuondoa. Mungu amsamehe, aliuacha mkono pale.

"Sasa niambie wewe," alisema. "Si mama yako. Wewe Mihayo unasemaje?"

Kijana anayebeba viroba vya mawe mgongoni bila kuguna alishindwa kubeba neno moja.

"Akifukuzwa," alisema mwishowe, "nitakuwa nimekula vumbi bure."

*

"Ee, mayu! Una mgeni hunambii?"

Mama Limi alikuja na sufuria ndogo na kikombe cha bati, mvuke ukimpaa usoni. Paskazia aliurudisha mkono wake haraka. Mihayo alisimama, akavua kofia aliyokuwa ameshaivaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umetoka mbali, nakuona. Tazama lilivyompaka vumbi, jamani, utadhani kaviringishwa. Umefika salama?"

"Nimefika salama, mama."

"Ndugu yako huyu, mayu? Mbona hamfanani?"

Mama Limi hakungoja jibu. Kwa mtu wa namna ile mgeni hulishwa kwanza, ukoo huulizwa baadaye. Alimimina uji kikombeni mpaka ukingoni.

"Hujanywa kitu wewe, midomo imekauka. Huu wa mtama, nimekuja na unga wangu. Wa hospitali hauna nguvu."

Kisha akafanya kama alivyolelewa. Alikiinua kikombe, akanywa fundo moja, akafuta ukingo kwa ncha ya kanga, akapinda goti kidogo, akampa kwa mikono miwili.

"Karibu, baba. Nimeonja."

Mihayo alikipokea kwa mikono miwili.

Paskazia alimwona akikipandisha. Alikiona kikombe kikifika kidevuni, kikasimama, kikaanza kutetemeka. Uji ukamwagika kwenye vidole vyake, wa moto, naye hakujisogeza.

"Una homa, baba?" Mama Limi aliuliza kwa hofu. "Keti. Kunywa taratibu."

"Siwezi, mama."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kunywa chako." Machozi yalishuka kwenye vumbi la shavu, yakachora njia. "Mimi ni kaka yake Boaz. Ziwa moja."

Mama Limi hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Alimtazama kijana yule kuanzia viatu hadi nyusi, kama mtu anayemtafuta mwingine ndani yake. Halafu akageuka.

"Ulimjua?"

"Nilimjua, mama," Paskazia alijibu.

"Na kwako ni nani?"

"Ndiye anayetaka kunioa."

"Ahaa." Neno lilikuwa fupi, likaacha pengo refu. "Kwa hiyo nilipokuwa nasema wabeja, wabeja, wewe ulikuwa unajua unaolewa kwenye nyumba yao."

Paskazia alipiga magoti palepale kwenye udongo uliolowa maji ya sabuni. Hakuwa amepanga. Magoti yalikwenda yenyewe.

"Mama, kuna kubwa kuliko hilo. Limi aliniamini. Niliwaambia ukumbini kwamba mtu akionja kinywaji mbele yako, unywe. Madamu hakunifundisha hivyo. Nilijitungia mimi, ili wacheke. Limi alifanya nilivyosema. Alimwambia aonje, akaonja, naye akanywa. Mimi nilimfungulia mlango wa kutokea, lakini pia mimi ndiye niliyemwonyesha mlango wa kuingilia."

Ndani ya wodi mtoto mdogo alilia, akabembelezwa, akanyamaza.

Mama Limi alikichukua kikombe mikononi mwa Mihayo. Paskazia alidhani ataumwaga uji chini, na moyo wake ukajiandaa. Lakini mama yule aliurudisha ndani ya sufuria taratibu, asipoteze tone, akafunika.

"Chakula hakina kosa," alisema. "Mwanangu ataunywa." Akamtazama Paskazia. "Niliyokushukuru yabaki. Mlango uliufungua, na mimi si mtu wa kutoa neno nikalirudisha. Lakini kwa hili la kuonja sina neno la kukupa leo. Usilingoje. Labda siku moja, labda hapana. Unaitwa saa ngapi huko?"

"Saa tisa."

"Basi inuka uende ukaseme. Useme la huyo kijana, na useme na lako. Ukisema lake ukabakiza lako, nitajua, na Limi atajua."

"Nitasema, mama."

"Na wewe." Alimgeukia Mihayo. "Mwambie aliyekutuma, mimi pia nina zizi. Dogo, la mbuzi, lakini linanitosha. Ng'ombe wake asiwachoshe njiani."

Alikuwa amesikia, basi. Kumbe neno la zizi lilimfikia jikoni, na sasa tu ndipo alipojua lilihusu nini. Aliinua sufuria yake, akaingia wodini, na mlango akauacha wazi.

*

Walitembea mpaka getini, Paskazia mbele, Mihayo nyuma yake. Jua lilikuwa limesimama utosini. Bajaji mbili zilikuwa zinangoja abiria wa Shinyanga mjini.

"Nikupeleke?" Mihayo aliuliza. "Nimeazima pikipiki."

"Hapana. Nikifika na wewe watasema umenipanga maneno. Hata nikisema kweli itanuka kwenu."

Alikubali kwa kichwa. Akavuka barabara, akaenda kwenye kibanda, akarudi na chupa ya maji. Aliishika kwa shingo, akaitazama, na Paskazia akaona kidole gumba kikienda chenyewe kwenye kifuniko, kwa mazoea, kama siku ile ya Tinde. Kidole kikasita. Mihayo akakiondoa.

"Shika," alisema. "Sijaifungua. Fungua mwenyewe."

Hapo ndipo Paskazia alipolia, yeye ambaye siku tatu zote alikuwa hajatoa chozi.

"Mshenga asitoke Jumamosi," alisema akijifuta uso.

"Asitoke mpaka lini?"

"Nenda kwa mama yako. Mweleze habari ya vifungo. Kwa mdomo wako, usimpunguzie. Kisha umketishe Boaz umuulize, na safari hii usimuulize kama amekula. Ukimaliza hayo, kama bado unanitaka mimi niliyemsema mdogo wako, uje. Uje wewe kwanza, kabla ya mshenga."

"Na mama akikataa?"

"Baba yangu alikataa. Sikufa. Nilingoja."

"Na kama mimi nitashindwa, Paska?"

Alimtazama uso wote, nyusi zile, michirizi ile miwili ya machozi, ili awe nao hata kama ndiyo mara ya mwisho. Mapenzi yapo yanayokufanya uwe mwongo ili yaishi. Aliyaona yake yamesimama kwenye njia panda hiyo, na hakuwa na uhakika yatageukia wapi.

"Ukishindwa," alisema, "nitalia. Lakini nitalia nikiwa nimeshasema."

Akapanda bajaji. Hakugeuka nyuma mpaka Kolandoto ikapotea, na alipogeuka aliona vumbi tu.

*

Chumba cha dawati kilikuwa kidogo, meza moja, viti vya plastiki, pazia la kijani. Madamu Ritha alikuwa ameketi katikati na walimu wawili pembeni. Boaz alikuwa upande wa dirishani, shati limepigwa pasi, mikono magotini kama mtoto wa kipaimara. Alipomwona Paskazia alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyeweka akiba mfukoni.

"Karibu, Paskazia," Madamu Ritha alisema kwa upole. "Najua si rahisi. Anza na ulichokiona ulipofungua kile chumba."

Paskazia aliweka ile chupa ya maji mezani. Njia nzima hakuwa ameifungua. Aliifungua sasa, kifuniko kikalia tak, akanywa kidogo.

"Nitafika chumbani, Madamu. Yote niliyoyaona nitayasema," alisema. "Lakini naomba nianzie ukumbini, siku ya semina, ulipotoka kupokea simu. Naomba nianze na mimi."

Dirishani, tabasamu la Boaz lilizimika.